Deni la Kiswahili kwa lugha za Mbulu na Hanang

Mwaka 2013 kampuni moja ya Marekani iliyoshughulika na teknolojia ya lugha ilitumia data za miundo ya lugha kutoka pande zote za dunia, ikahesabu ni zipi zenye tabia za kisarufi zisizopatikana kwa wingi kwingineko, kisha ikapanga lugha 239 kuanzia ile ya ajabu zaidi hadi ile ya kawaida zaidi. Katika kumi za mwanzo kilikuwamo Kiiraqw, lugha ya wenyeji wengi wa Mbulu, Karatu na sehemu ya Hanang. Ni rahisi kuipokea habari hiyo kama kioja, ukacheka au ukajivuna, kisha ukafunua ukurasa mwingine. Makala haya yanashika njia tofauti. Hoja yake ni kwamba tabia hizi za sarufi, za Kiiraqw pamoja na za majirani zake Kidatoga na Kihadzabe, ni ushahidi wa historia: zinatueleza watu walitoka wapi, waliishi na nani, na ni mambo gani ambayo lugha zao ziliwataka wayataje kila walipofungua kinywa. Katika kuusoma ushahidi huo msemaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri kuliko msomi wa Ulaya, kwa kuwa sarufi yake mwenyewe imekwisha kumfundisha nusu ya somo. Ndiyo maana Kiswahili kina deni kwa lugha hizi, na deni hilo linalipika.

Tuanze na neno lenyewe. Katika hesabu kama ile ya 2013, ajabu maana yake ni uchache tu. Atlasi ya dunia ya miundo ya lugha iliyohaririwa na Martin Haspelmath, Matthew Dryer, David Gil na Bernard Comrie, ikachapishwa Oxford mwaka 2005, inalionyesha jambo hili vizuri. Kati ya lugha 257 zilizochunguzwa humo kuhusu mgawanyo wa nomino katika jinsi au ngeli, lugha 145 hazina mgawanyo wowote, na ni 24 tu zenye makundi matano au zaidi. Kiswahili kimo katika hizo 24. Kwa hiyo "kitabu changu kimepotea" na "vitabu vyangu vimepotea", sentensi ambazo mtoto mdogo wa Dar es Salaam huzitamka bila kufikiri, ni jambo geni kwa sehemu kubwa ya dunia. Sauti za th na dh, kama zilivyo katika thelathini na dhahabu, zinapatikana katika lugha zisizofika hamsini kati ya 567 zilizohesabiwa. Kwenye orodha ya 2013 Kijerumani nacho kilikuwa katika kumi za mwanzo, na Kikongo, ndugu wa Kiswahili katika ukoo wa Kibantu, vilevile. Ugeni huo haujawazuia Wajerumani kuandika sayansi na falsafa kwa lugha yao. Lugha iitwayo ya kawaida mara nyingi ni ile iliyozoeleka masikioni mwa anayehesabu.

Mahali pa kukutania

Mbulu na Hanang, zilizoko mkoa wa Manyara, si wilaya za kawaida katika ramani ya lugha za Afrika. Kwenye nyanda za juu, kuanzia Kainam hadi Dongobesh na Haydom, kinasemwa Kiiraqw, lugha ya Kikushi yenye asili moja ya mbali na Kisomali, Kioromo, Kiamhari, Kihausa na Kiarabu. Kuzunguka Mlima Hanang, pande za Katesh na Basotu, wanaishi Wabarbaig, kundi kubwa la Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti cha kusini, jamaa ya Kinandi, Kikipsigis na Kipokot cha Kenya. Chini katika Bonde la Yaeda, kuelekea Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wachuma matunda wapatao elfu moja na kidogo, ambao lugha yao haijathibitishwa kuwa na ndugu popote duniani. Pembeni yao wako Wanyiramba, Waisanzu, Wanyaturu, Wambugwe na Warangi, wote wasemaji wa lugha za Kibantu. Mwaka 1963 Joseph Greenberg alipozigawa lugha zote za Afrika katika familia nne, alikiweka Kihadzabe katika familia moja na lugha za kidoko, yaani zenye sauti za kupiga ulimi, za kusini mwa Afrika. Kwa mgawanyo huo, familia zote nne zilikutana katika ukanda huu mmoja. Wataalamu wengi leo wameacha kukihesabu Kihadzabe katika familia hiyo, na hilo linaongeza uzito wa eneo hili: kuna lugha hapa ambayo ikipotea, hakuna ndugu wa kuulizwa habari zake.

Kiiraqw na somo la ngeli

Sarufi ya Kiiraqw inayojulikana zaidi ni ile ya Mholanzi Maarten Mous, iliyochapishwa mwaka 1993. Jambo moja ndani yake limewashughulisha wanaisimu kwa miaka mingi. Nomino za Kiiraqw zina jinsi tatu za kisarufi: ya kiume, ya kike na ya tatu ambayo huitwa ya kati. Nomino ya kiume hutaka kitenzi cha kiume, ya kike hutaka kitenzi cha kike, na ya kundi la tatu hutaka kitenzi kikae katika umbo la wingi, hata pale kitu chenyewe kikiwa kimoja. Zaidi ya hapo, nomino ikiingia katika wingi inaweza kubadilika jinsi: iliyokuwa ya kiume katika umoja ikawa ya kike katika wingi, na kitenzi kikafuata umbo la kike ingawa wanaozungumziwa ni wengi. Viambishi vya kuunda wingi ni vingi, na kila kiambishi huja na jinsi yake. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa Kiingereza au Kifaransa kwamba idadi ni jambo moja na jinsi ni jambo jingine hukwama hapa. Wanaisimu wenyewe wamebishana kama wingi, katika lugha za Kikushi, uhesabiwe kuwa idadi au uhesabiwe kuwa jinsi mojawapo.

Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kukwama. Katika Kiswahili, ki- ya kiti inatupa mambo mawili kwa mpigo, ngeli na umoja, na hakuna mahali unapoweza kuchana kiambishi hicho ukasema kipande hiki ni cha ngeli na kipande hiki ni cha idadi. Wataalamu wa lugha za Kibantu huipa ki- namba yake na vi- namba yake, kila moja ikiwa ngeli inayojitegemea. Isitoshe, nomino zetu nazo huhama kwa njia ambazo hazikisiki kirahisi: unywele huwa nywele, ugonjwa huwa magonjwa, ukuta huwa kuta. Tatu zote zinaanza na u-, lakini ugonjwa umeondoka na njia yake katika wingi na kuanza kuvuta ya- kwenye kitenzi, wakati wenzake wanavuta zi-. Aliyezoea haya tangu utotoni, akisikia kwamba kiambishi cha wingi cha Kiiraqw kina jinsi yake, atauliza swali la pili badala ya kubaki ameduwaa kwenye la kwanza. Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Vitabu vingi vimeuona ugeni wa Kiiraqw kupitia darubini ya lugha za Ulaya. Ukitazamwa kupitia Kiswahili, sehemu ya ugeni huo inayeyuka, na ile inayobaki ndiyo inayostahili kushangaza.

Inayobaki ni nyingi. Nomino ya Kiiraqw ikifuatwa na neno la kuieleza, hubadilika mwisho wake na kupandishwa toni, na kiungo hicho hufuata jinsi: -ú au -kú kwa ya kiume, -r au -tá kwa ya kike, -á kwa ya kati. Fimbo ya baba ni hhartá baabá. Chatu mkubwa ni waahlár ur. Msomali akiziona k na t hizo atazitambua mara moja, kwa maana lugha yake nayo hutofautisha nomino za kiume na za kike kwa -ka na -ta. Mwenye kujua Kiarabu naye ataitambua t ya kike, ambayo imeenea katika lugha nyingi za familia hiyo kubwa. Mbulu na Mogadishu zimetenganishwa na umbali mkubwa na karne nyingi zisizo na hati yoyote ya maandishi, lakini herufi mbili mwishoni mwa nomino bado zinashuhudia undugu. Mwanahistoria Christopher Ehret alitumia msamiati wa lugha hizi, katika kitabu chake cha mwaka 1974, kujenga upya historia ya wasemaji wa Kikushi waliofika Afrika Mashariki kutoka upande wa Ethiopia. Sarufi inaiunga mkono kazi ya aina hiyo kwa nguvu ya pekee. Maneno huazimwa kirahisi sokoni na mnadani. Viungo vidogo kama hivi huazimwa kwa nadra sana.

Muundo wa sentensi nao una lake. Anayesema "navuta kamba" kwa Kiiraqw husema aná hiimú urúux. Neno la kwanza linabeba nafsi ya mtendaji na habari nyingine ambazo Kiswahili huzipanga mbele ya mzizi wa kitenzi. La mwisho ni kitenzi chenyewe. Na kamba imewekwa katikati, ikiwa na kiungo kilekile tulichokiona kwenye fimbo ya baba. Kiswahili hushikamanisha ni-na-vuta kuwa neno moja na kuiacha kamba nje. Kiiraqw huviachanisha vipande hivyo na kuikumbatia kamba kati yao. Vilevile, Kiswahili kinapoonyesha kitu kina hatua tatu, kama hiki, hicho na kile, Kiiraqw kina nne: kilicho karibu nami, kilicho karibu nawe, kilicho mbali na sote lakini kinaonekana, na kilicho mbali zaidi ya hapo, hata kisichoonekana. Katika nchi ya matuta na mabonde, ambako mtu huonyesha kilima cha ng'ambo huku akijua kuna kijiji nyuma yake, msemaji hawezi kuonyesha kitu cha mbali bila kuchagua moja kati ya hatua hizo.

Toni na heshima katika Kidatoga

Kwa Kidatoga somo ni jingine. Lugha hii huanza sentensi kwa kitenzi, kisha hufuata majina ya mtenda na mtendwa. Linalotofautisha nani amemfanya nini ni toni: nomino ya mtenda, ikikaa baada ya kitenzi, hupewa toni maalumu, na ya mtendwa hubaki katika umbo lake la kawaida. Roland Kießling alilieleza jambo hili katika utafiti wake wa mwaka 2007. Duniani, lugha zinazoweka alama kwenye moja ya nomino hizo mbili mara nyingi huiweka kwa mtendwa, na kumwekea mtenda alama, hata pale pasipo mtendwa, huku mtendwa akiachwa bila alama, ni nadra. Katika atlasi niliyoitaja, ni lugha 6 kati ya 190 zilizofanya hivyo. Hata hivyo tabia hii imejaa Afrika Mashariki. Wamasai wanayo, na ilielezwa katika sarufi ya Kimaasai ya mwaka 1955 iliyoandikwa na A. N. Tucker pamoja na Tompo Ole Mpaayei, Mmasai wa Kenya. Hapa kuna funzo la utendaji. Kidatoga kikiandikwa kwa herufi za kawaida bila alama za toni, tofauti hiyo ya mtenda na mtendwa haionekani tena kwenye karatasi. Kwa lugha kama hii kitabu hakitoshi. Panahitajika sauti zilizorekodiwa, pamoja na mtu wa kueleza anachokisikia.

Kidatoga kina pia desturi ya usemi ambayo imechunguzwa na Alice Mitchell katika tasnifu yake ya mwaka 2015. Mwanamke aliyeolewa hujizuia kutaja majina ya wakwe zake wakubwa, na hujizuia pia kutumia maneno ya kawaida yanayofanana na majina hayo. Kwa vile majina ya Kidatoga, yale yanayoanza na Gida- kwa wanaume na Uda- kwa wanawake, hujengwa kwa maneno ya maisha ya kila siku, kuliepuka jina ni kuliepuka neno ambalo mtu angelihitaji shambani, kisimani au jikoni. Wanawake wameunda maneno mbadala, na maneno hayo yamezoeleka kiasi cha kueleweka na wengine wanaowasikiliza. Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini wana desturi ya jamii hiyo. Wapo watakaosema huu ni mzigo ulioachwa na mfumo wa kumnyima mwanamke sauti. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu wajibu huo unawaelemea wanawake kuliko wanaume, na wanaopaswa kuamua kama desturi iendelee ni wanawake wa Kidatoga wenyewe. Lakini kuirekodi desturi hakulazimishi mtu kuiendeleza. Msamiati huo ni kazi ya akili ya wanawake, uliojengwa na kurithishwa nao, na ungefaa kujulikana kwa sababu hiyo peke yake.

Kihadzabe: jinsi, umbo na tangazo la windo

Katika Bonde la Yaeda sarufi inafika mahali ambapo hata Kiswahili hakisaidii sana. Wengi wanakifahamu Kihadzabe kwa sauti zake za kidoko, zile zinazotolewa kwa kupiga ulimi kwenye meno au kaakaa, ambazo katika Tanzania zinapatikana pia kwa Wasandawe wa Chemba. Sauti ni mlango tu. Ndani, kila nomino ina jinsi ya kiume au ya kike: umoja wa kiume hauna kiambishi, wa kike una -ko, wingi wa kiume una -bii na wa kike -bee. Kundi la wanaume na wanawake kwa pamoja huchukua wingi wa kike, kinyume cha Kiarabu na Kifaransa, na jina Hadzabe lenyewe limebeba wingi huo wa kike. Kwa vitu visivyo na uhai jinsi hufuata umbo. Kitu ambacho kwa kawaida ni cha kike, kikiwa chembamba kupita kiasi, huweza kugeuzwa kuwa cha kiume. Cha kiume kikiwa cha mviringo hugeuzwa kuwa cha kike. Mmea unaotambaa ni wa kiume na kiazi chake kilichoko ardhini ni cha kike. Mti wa matunda ya porini ni wa kike na tunda lake ni la kiume. Kutoka mzizi mmoja, ati ni mvua, atiko ni chemchemi, na atibii, yenye umbo la wingi, ni maji. Kwa jamii iliyoishi kwa kuchimba viazi na kuchuma matunda, sarufi imetenganisha kile kinachoonekana juu ya ardhi na kile kinacholiwa kwa badiliko dogo la mwisho wa neno.

Jambo lililowashangaza wageni zaidi ni majina ya wanyama waliouawa. Punda milia ni dongoko, awe mmoja au kundi zima. Wakihesabiwa mmoja mmoja ni dongobee, na madume ni dungubii. Lakini punda milia akishauawa, mwindaji hutamka hantayii. Maneno ya jinsi hii yapo kwa wanyama wakubwa wa windo, na kwa muda mrefu maandishi yaliyaeleza kuwa ni majina ya ushindi. Uchambuzi wa karibu zaidi umeonyesha kwamba hayafuati viambishi vya nomino hata kidogo. Yanabadilika kulingana na idadi ya wanaoambiwa, namna vitenzi vya kuamrisha vinavyobadilika: kwa msikilizaji mmoja ni hantayii, kwa wengi huwa hantatate au hantâte. Hilo lilidhaniwa kuwa jina la mzoga kumbe ni kitenzi, neno la kuwataka wenzako wazingatie windo lililopatikana. Jamii ambayo nyama hugawanywa kwa kambi nzima imeiweka habari ya nyama ndani ya umbo la kitenzi linalowalenga wasikilizaji. Kosa la miongo mingi lilirekebishwa kwa sababu mtu alichukua taabu ya kusikia neno lilelile likisemwa kwa mmoja na kwa wengi.

Ujirani ulioandikwa katika sarufi

Lugha hizi hazikukaa kila moja peke yake. Kiiraqw, Kihadzabe na Kisandawe, ambazo kwa ukoo ni mbalimbali, zote zina sauti inayotolewa kwa kupitisha hewa pembeni mwa ulimi, pamoja na konsonanti zinazopasuka kooni kwa nguvu. Mwaka 2008 Roland Kießling, Maarten Mous na Derek Nurse walilieleza Bonde la Ufa, ambamo lugha hizi zinasemwa, kuwa eneo ambalo lugha zisizo za ukoo mmoja zimefanana kwa kuishi pamoja. Mfano unaogusa Wabantu moja kwa moja uko jirani, Kondoa na Babati. Katika lugha za Kibantu kwa jumla kitenzi kisaidizi hutangulia kitenzi kikuu, kama tunavyosema "nitakuwa ninasoma". Kirangi na Kimbugwe, katika baadhi ya nyakati zao, hugeuza mpangilio: kitenzi kikuu kwanza, kisaidizi baadaye. Hannah Gibson, aliyekichunguza Kirangi, ameonyesha kwamba mpangilio huo hurudi kuwa wa kawaida katika baadhi ya mazingira, kwa mfano sentensi inapokuwa ya kukanusha. Wapo wanaoliona hili kuwa tunda la kuishi na Wakushi, na wapo wanaosema lugha inaweza kufika hapo kwa njia zake za ndani. Mjadala huo hauwezi kukatwa bila ushahidi zaidi kutoka kwa wasemaji. Lililo wazi ni kwamba picha ya makabila yaliyojifungia, kila moja na lugha yake na uadui wake, haipatani na sarufi. Ili lugha mbili zifanane sauti au mpangilio wa maneno, lazima wawepo watu wengi waliozisema zote mbili, waliooana, waliouziana mifugo na nafaka, na waliolea watoto pamoja.

Hapo linajibiwa pingamizi la kwanza, ambalo husikika kila lugha za asili zinapotajwa: kwamba kuzipa nafasi ni kuchochea ukabila na kubomoa umoja uliojengwa kwa Kiswahili. Wasiwasi huo una historia yake na haupaswi kudharauliwa. Taifa hili limepata amani ambayo majirani wengi wameikosa, na Kiswahili kina sehemu kubwa katika hilo. Lakini Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 yenyewe ilitaka jamii ziendelee kutumia na kujivunia lugha zao, na ikahimiza zitafitiwe na kuandikiwa kamusi na vitabu vya sarufi. Aliyeiandika hakuona mgongano. Wala hakuna anayedai hapa kwamba shule za Haydom zifundishe hesabu kwa Kiiraqw kesho. Kinachodaiwa ni kwamba Kiswahili, kwa nafasi yake ya lugha ya taifa, kiwe lugha ambayo kwayo Mtanzania wa Lindi anaweza kusoma namna Mhadzabe wa Yaeda anavyotangaza windo lake. Umoja wa watu wanaojuana una mizizi kuliko umoja wa watu waliosahauliana.

Pingamizi la pili hutoka upande wa wapenzi wa lugha hizi. Wapo wanaosema kwamba sarufi tofauti huzaa akili tofauti, na kwamba Mhadzabe anauona ulimwengu wa kiume na wa kike ambao sisi hatuuoni. Dai hilo linapendeza, ila ushahidi wake ni mwembamba, na linaweza kugeuzwa kuwa silaha ya kuwaita watu wengine wa ajabu. Roman Jakobson aliliweka vizuri zaidi mwaka 1959: lugha hutofautiana kwa yale zinayomlazimisha msemaji ayataje, na kila lugha inaweza kusema lolote ikihitaji. Kiswahili hakimlazimishi mtu aseme kama anayemtaja ni mwanamume au mwanamke, na bado hatujashindwa kutofautisha. Thamani ya sarufi za Manyara haihitaji kutiwa chumvi. Inatosha kwamba zinaonyesha njia ambazo akili ya binadamu imeweza kupita, na ambazo hakuna mtu angezibuni akiwa amekaa ofisini.

Pingamizi la tatu ni la kibajeti: kazi imekwisha kufanywa. Sarufi ya Kiiraqw ipo, atlasi ya lugha za Tanzania ilitolewa na mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, kwa nini tutumie fedha tena? Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya maarifa haya iko katika Kiingereza na Kijerumani, katika vitabu vya bei kubwa vilivyochapishwa mbali. Mwalimu wa sekondari Katesh hana cha kumpa mwanafunzi. Njia ya kulirekebisha hili tunaijua, kwa maana kazi zilizofanikiwa zimekuwa za ushirikiano. Kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza ya mwaka 2002 ina majina matatu juu yake, la Mous, la Kießling na la Martha Qorro, Mwiraqw na mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kama vile sarufi ya Kimaasai ilivyokuwa na Mpaayei. Kilichokosekana ni toleo la Kiswahili la maarifa hayo, lenye istilahi zinazotokana na ngeli badala ya kutokana na sarufi za Ulaya.

Yapo pia mambo ambayo kitabu hakiyatibu. Neno hantayii linahitaji punda milia na pori la kumwindia. Pori likiisha, neno hukosa mahali pa kusemwa, hata likiandikwa vizuri namna gani. Ndiyo maana hati za kimila za ardhi walizopewa Wahadzabe wa Yaeda mwaka 2011 zilikuwa pia, bila kukusudiwa, hatua ya kuilinda sarufi. Kinyume chake kilionekana Hanang tangu miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, yalipochukua malisho ya Wabarbaig na kuwatawanya watu walioishi na kusema pamoja. Anayetaka lugha ibaki hawezi kufumba macho kwa habari ya ardhi ya wanaoisema.

Umoja wa Mataifa umeutangaza muongo wa 2022 hadi 2032 kuwa wa lugha za watu wa asili, na Tanzania inaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kila tarehe 7 Julai. Heshima hiyo ya kimataifa inadai kitu. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma ambacho kiko karibu zaidi na Manyara, na Baraza la Kiswahili la Taifa zina uwezo wa kuagiza sarufi fupi tatu zilizoandikwa kwa Kiswahili, za Kiiraqw, Kidatoga na Kihadzabe, zikiandikwa na wasemaji pamoja na wataalamu, na zikiambatana na sauti. Wanafunzi wa shahada za Kiswahili wanaotoka Mbulu na Hanang wapewe mada hizi za tasnifu, kwa kuwa hakuna mgeni atakayewazidi sikio. Na msomaji aliyeko Dongobesh, Haydom, Katesh au Yaeda Chini asisubiri taasisi yoyote: amwombe mzee ridhaa, amrekodi kwa simu akisimulia kwa lugha yake, aandike jina la mahali na tarehe, na ahifadhi nakala zaidi ya moja. Wazee wanaozijua sarufi hizi kwa ukamilifu wanapungua kila mwaka, na kazi hii haiwezi kufanywa baada yao.